Mbegu za Mikunjo Mitatu

Msiniulize nilifikaje Makunjo. Kila aliyeniuliza aliishia kubishana nami kuhusu mito na milima na idadi ya siku, na habari yenyewe ikapotea. Nilifika, basi. Nilifika wiki tatu kabla ya mvua, nikiwa na afya njema na hofu zangu za kawaida, kwa maana nilizaliwa mwoga na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Mpakani nilipokewa na afisa mpole aliyenipa mifuko arobaini ya karatasi, ile ya kaki tunayofungiwa maandazi na sukari. Akanisaidia kupanga vitu vyangu: sabuni na mfuko wake, kitana na mfuko wake, miwani na mfuko wake, viatu vya akiba kila kimoja na wake. Nilipomuuliza sababu alishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali.

"Mgeni wetu," akasema, "hapa kwetu hakuna kitu kinachotembea uchi."

Mfuko wa mwisho ulikuwa mdogo, wenye uzi wa kuning'iniza shingoni. Huo alinivalisha kwa mkono wake na hakunieleza ni wa nini.

Sheria za Makunjo ni chache, na mtoto huzijua kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Mfuko uliokunjwa mdomo mara moja hufunguliwa na mwenyewe. Uliokunjwa mara mbili hufunguliwa na afisa. Uliokunjwa mara tatu haufunguliwi na mtu yeyote mpaka Baraza la Mikunjo liamue, nalo Baraza hukutana mara moja kwa mwaka na hutumia muda wake mwingi kukagua kama mikunjo imenyooka. Anayefungua mikunjo mitatu bila idhini huvalishwa mfuko kichwani, wenye tundu la kupumulia bila tundu la kuonea, akaishi nao mwaka mzima.

Msidhani ni watu wabaya. Ni wakarimu mno, na mikono yao haitulii. Sokoni muuza karanga humpimia mteja ndani ya mfuko, naye mteja hula kwa kupenyeza vidole, hatazami. Zawadi hazifunguliwi kamwe. Fundi viatu mmoja alinionyesha rafu nzima ya zawadi za harusi yake, ya miaka thelathini na miwili iliyopita, zote katika mifuko yake ya kwanza. Nikamuuliza ndani mna nini.

"Vitu vizuri sana," akajibu, na mkewe akaitikia kwa kichwa.

Mfuko mmoja ulikuwa na doa la mafuta lililosambaa mpaka kwenye ubao. Nikalitazama, nikanyamaza. Mgeni kuku mweupe, na mimi sikutaka kuonekana.

Siku ya pili ndipo nilipojua kazi ya ule mfuko wa shingoni. Mwanamke mmoja sokoni alisimama ghafla, uso umemsawijika. Akauvua mfuko wake, akapuliza ndani pumzi tatu ndefu, akaukunja mdomo mara tatu, akaandika jina lake, akaupeleka kwenye jengo refu lenye maandishi mlangoni: HOFU ILIYOFUNGWA NI HOFU ILIYOKWISHA. Hiyo ndiyo Ofisi ya Hofu. Karani huupokea mfuko, huugonga muhuri, huuweka rafuni, hukupa mwingine mtupu. Mwenye wasiwasi juu ya kikohozi cha mwanawe hupuliza. Mwenye wasiwasi juu ya paa lake hupuliza, na paa likimwangukia, wenziwe hupuliza kwa niaba yake. Kuutaja wasiwasi kwa mdomo mbele ya watu ni kosa, nalo huitwa kutembeza hofu uchi. Kila mwisho wa mwezi serikali hutangaza hesabu: mwezi huu wananchi wameondokewa na hofu elfu tisini. Watu hupiga makofi. Niliyasikia makofi hayo. Yalikuwa ya haraka haraka, ya watu wanaotaka kwenda nyumbani.

Nakiri utaratibu huo ulinipendeza. Katika siku tatu za kwanza nilijaza mifuko saba, na karani akanisifu kwa mkunjo wangu.

Walinipa malazi kwa Bi Mwanamize, mjane wa miaka sitini hivi, mtunza ghala la mbegu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho yasiyotulia. Alikula akisikiliza. Alizungumza akisikiliza. Nilidhani ana ugonjwa wa masikio, mpaka jioni ya nne alipofunga dirisha na kuniita jikoni.

"Mgeni wangu, sogea. Kwenu mnapanda mbegu mkiziona?"

"Ndiyo, Bibi."

"Zikiliwa na fukusi, mnajuaje?"

"Tunatazama."

Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mnatazama," akasema. "Haya. Kesho twende ukasikilize."

Hapa inabidi nieleze jinsi wanavyolima. Siku ya mavuno, mahindi ya mbegu hutiwa katika vifuko vidogo vya kiasi cha kiganja, punje nne nne, mbele ya Baraza, na kukunjwa palepale mara tatu. Huwekwa ghalani. Mvua ya kwanza ikinyesha hugawiwa kwa kila kaya, nao watu huvifukia ardhini vilevile vilivyo, na karatasi yao. Karatasi huoza, mbegu huota. Kwa hiyo tangu mavuno hadi machipukizi hakuna jicho linaloiona mbegu, na wao hulihesabu jambo hilo kuwa ni adabu.

Ghalani Bi Mwanamize alinisimamisha mbele ya rafu ya kwanza. "Weka sikio," akasema. Nikaweka. Nikasikia sauti ndogo kavu, kama mtu anayetafuna kashata polepole ili wenzake wasimwombe. Nikahamia rafu ya pili, sauti ileile. Ya tano, ileile. Ghala lilikuwa na rafu mia mbili. Karatasi zilikuwa na vitundu vidogo vya duara, na juu ya mbao palikuwa na vumbi jeupe. Nililigusa, nikalinusa. Lilinukia unga. Nikaukamata mfuko wangu wa shingoni.

"Usipulize," akanishika mkono. "Mimi nimeshapuliza mifuko arobaini na sita kwa jambo hili hili. Msimamizi wangu kila nikimwambia ananijibu, 'Bi Mwanamize, pulizia.' Nimepuliza, na wao wanaendelea kula."

Akanieleza yaliyomkosesha usingizi. Ng'ambo ya Mto Lugenge, mwendo wa siku mbili toka ukingoni, wako watu wenye mbegu nyingi, na wanawake wa Makunjo wana mikeka mizuri ya kubadilishana nao. Lakini mvua ikianza, mto hauvukiki mpaka miezi mitatu ipite. Kama mbegu zimeliwa, lazima mtu avuke na kurudi kabla ya mvua. Na hakuna atakayetoa mkeka wake kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona.

"Nikisema mimi, watasema mwanamke wa ghala ana hofu zake," alisema. "Nataka wafungue kimoja tu, Bwana. Kimoja."

Kwa kuwa alikuwa mtunza ghala wa mwaka wa ishirini, Baraza lilikubali kukutana kabla ya wakati wake. Nilikaribishwa kama mgeni. Kikao kiliongozwa na Mkunjaji Mkuu, Bwana Fumbwe, mtu mnene mwenye sauti tamu na vidole vyembamba kama visivyo vyake.

Siku ya kwanza walijadili kama vile vitundu ni vitundu. Mjumbe mmoja alisema kitundu ni mahali palipokosa karatasi, na kwa kuwa Idara ya Karatasi haijatoa taarifa ya kukosa karatasi yoyote, havipo. Mwingine, aliyeonekana msomi zaidi, alisema vipo, ila ni dalili njema, maana karatasi bora hupumua. Wakapiga kura. Vikawepo, kwa tofauti ya kura moja.

Siku ya pili walileta mizani. Vifuko mia vya mwaka huu vilipimwa na uzito wake kulinganishwa na wa siku ya mavuno. Vilikuwa vimepungua zaidi ya nusu. Nikafikiri, sasa yamekwisha. Bwana Fumbwe akatabasamu.

"Waheshimiwa, mbegu nyepesi ni mbegu iliyokauka vizuri. Haijapata kutokea ghala likakausha kiasi hiki. Nampongeza Bi Mwanamize."

Wakampigia makofi. Bi Mwanamize alisimama katikati ya makofi hayo, mikono imemlegea.

"Mheshimiwa Mkunjaji," akasema yalipotulia, "kwa hiyo kifuko kitakachobaki kitupu kabisa ndicho kitakuwa na mbegu bora kuliko zote?"

Karani aliliandika swali, akalitia mfukoni, akakunja.

"Naomba mfungue kimoja. Waheshimiwa, mimi ni mtu mzima, nimezaa na nimezalisha. Mficha uchi hazai."

Wajumbe watatu walivua mifuko ya shingoni wakapuliza papo hapo. Mmoja akazibwa masikio na jirani yake. Mjadala ulikatika mpaka mchana, na waliporejea walikuwa wamepata dawa: mimi. Macho ya mgeni, alieleza Bwana Fumbwe, hayamo katika daftari la macho ya nchi hii. Mgeni akifungua, basi kisheria hakijafunguliwa. Akiona, hakijaonwa.

Bado waliutumia muda vibaya. Walichukua siku nyingine sita kuamua rangi ya pazia nitakalofungulia nyuma yake.

Siku yenyewe ilipofika, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Niliingia nyuma ya pazia peke yangu na kifuko kimoja. Mikunjo mitatu ikanichukua muda. Nikamimina kiganjani. Zilitoka punje nne, zote magamba matupu yenye matundu, unga wa ncha ya kijiko, na fukusi wawili. Mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alitembea mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu akasimama hapo, kama aliyekuja kupokea shukrani.

Nilipotoka, nilikuta meza, kalamu na mfuko mpya. Niandike nilichokiona, nikitie humo, nikunje mara tatu. Kitafunguliwa katika kikao cha mwaka ujao.

"Mwaka ujao?" nikauliza.

"Mwaka huu tumeshakutana," Bwana Fumbwe akajibu kwa upole. Kisha akanisogelea, akanishika bega. "Na bila shaka mgeni wetu anajua kwamba kibali cha kutoka nchini hakitolewi kwa mtu anayetembeza uchi mambo ya mfukoni."

Nikaandika: Mbegu zimeliwa. Nikatia mfukoni, nikakunja. Mkunjo wangu ulisifiwa tena.

Nje ya ukumbi Bi Mwanamize alikuwa ananisubiri. Hakuwa peke yake. Nyuma yake walisimama wanawake ishirini hivi, majirani zake, na kila mmoja amekumbatia mikeka iliyokunjwa. Mbele yao alisimama Chausiku, mke wa yule fundi viatu. Walikuwa wamekuja tayari kwa safari. Askari wawili walisimama mlangoni wakitutazama.

"Mgeni wangu," Bi Mwanamize akasema kwa sauti ya kawaida, ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, "umeona nini?"

Ningeweza kujibu kwa neno moja. Nililihisi limekaa nyuma ya meno. Nikawatazama askari, nikaikumbuka nyumba yangu, kitanda changu, kikombe changu cha chai.

"Nimeandika," nikasema.

"Sikukuuliza umeandika nini."

"Bibi, nimeandika. Limo mfukoni."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alijua, uso wangu haujawahi kuficha kitu. Lakini uso si ushahidi, na wale wanawake hawakuwa wakinitazama usoni, walisubiri neno. Mmoja akageuka, kisha wa pili. Wakarudi makwao na mikeka yao.

Kuanzia jioni ile nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliniandalia ugali katika mfuko wake kama siku zote, akaniuliza kama chumvi inatosha. Hilo liliniuma kuliko matusi. Nilipuliza mifuko kumi na moja kwa siku na hakuna hata mmoja ulionipunguzia kitu. Kila asubuhi nilitoka nje kutazama mawingu, nikihesabu: leo mtu akiondoka bado atawahi, leo akikimbia bado atawahi. Kisha ikaja asubuhi ambayo hesabu yangu ilikwisha, na siku moja baada ya hiyo mvua ikanyesha.

Uwanja wa ghala ulijaa watu kabla ya saa tatu. Kila kaya ilikuja na majembe, na majembe yamevalishwa mifuko. Bwana Fumbwe alisimama barazani chini ya mwavuli akahutubia juu ya wepesi wa ajabu wa mbegu za mwaka huu. Bi Mwanamize alitoka ghalani na kapu la kwanza la vifuko. Alipofika ukingoni mwa baraza, badala ya kumpa aliyekuwa mbele kwenye foleni, alichukua kifuko kimoja, akakiinua juu ili wote wakione, akakichana katikati.

Unga ukamwagika kwenye mvua na kuwa uji mkononi mwake. Akachana cha pili. Cha tatu. Fukusi walimtembea mpaka kwenye kiwiko, na hakuwapangusa.

"Tazameni," akasema. "Hiki ndicho mlichotaka kufukia."

Watu walishtuka, wengi wakafunika macho, baba mmoja akamgeuza mwanawe ukutani. "Wananchi, pulizeni!" Bwana Fumbwe akapaza sauti. "Pulizeni sasa!"

Watu elfu mbili wakavua mifuko ya shingoni. Lakini ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na karatasi ni karatasi. Mifuko ilikuwa imelowa. Walipopuliza, ikapasuka midomoni mwao, ikawabaki vipande vipande vidoleni. Pumzi zikatoka zilivyo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Makunjo nilisikia mtu akilia kwa sauti, kisha mwingine, kisha mwanamume mzima akauliza hewani, "Wanangu watakula nini?" Hakuna aliyemnyamazisha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na swali hilo hilo.

Chausiku ndiye aliyepiga magoti kwanza. Aliutandaza mkeka wake chini ya paa la baraza, akamimina vifuko, akaanza kupekua kwa kidole kama anayechambua mchele. "Hii imekufa," alijisemea. "Hii imekufa. Hii nzima." Akaiweka kando. Mumewe akaingia ghalani, akatoka na makapu mawili, akaanza kuchana karatasi. Baada ya muda mfupi walikuwa kumi, kisha mia, wamekaa mikekani, magamba huku na punje hai huku. Mimi nami nikakaa. Kazi hiyo haihitaji ushujaa, na vidole vyangu vilitaka sana kitu cha kufanya.

Askari hawakujua wamkamate nani. Waliofungua walikuwa wengi kuliko mifuko ya adhabu iliyokuwepo. Wakamchukua aliyeanza. Bi Mwanamize hakushindana nao. Walimvalisha kichwani mfuko mkubwa uliopakwa nta, usiolowa, wakaufunga shingoni kwa uzi. Ukaanza kutuna na kunywea kwa pumzi zake. Alisimama hapo hapo barazani, mikono imefungwa, kichwa amekiinamisha kidogo kama alivyozoea, akisikiliza vidole vyetu.

Tulifika rafu ya mwisho alasiri. Ng'ambo ya uwanja tuliusikia mto ukinguruma. Tulikusanya punje hai katika pishi ya mbao ya ghala, tukapima.

"Nzima ni kiasi gani?" sauti ikauliza kutoka ndani ya mfuko.

Hakuna aliyejibu. Kufungua walikuwa wamefungua, kwa mikono, katika msukosuko; lakini kutamka wazi hesabu yote, kwa mdomo, mbele ya Mkunjaji Mkuu, hilo lilikuwa bado haliwezekani kwao. Chausiku alifumbua midomo akaifumba. Bwana Fumbwe alikuwa akinitazama mimi, na mkononi ameshika bahasha ya kibali changu cha kutoka.

"Jamani," akasema Bi Mwanamize, "ni kiasi gani?"

"Pishi tatu, Bibi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Zilizobaki zote zimeliwa. Niliziona siku ile nyuma ya pazia, nikanyamaza. Pishi tatu."

Niliisikia bahasha ikichanwa. Sikugeuka. Mfuko ulituna, ukanywea, ukatuna tena.

"Hazitoshi," akasema.

"Hazitoshi, Bibi."

"Basi zipandeni wazi, punje moja moja. Tena leo, kabla udongo haujanywa maji mno." Akaugeuza ule mfuko wa kichwani kuelekea sauti yangu ilikotoka. "Na wewe chukua jembe."